Ijumaa za Kufunga

Daktari alipoagiza Filister ashinde bila kula, mama mkwe wake alifurahi. Kumbe hata hospitalini wanajua kufunga!

Kwa miaka miwili Filister alikuwa akianguka na jembe shambani kabla ya chai ya asubuhi. Majirani pale kijijini Magunga walimwita mvivu. Mama mkwe alisema ni mapepo, wakawa wanafunga pamoja kila Ijumaa, kama pasta wa kanisa lao alivyoagiza, ili yamtoke.

Siku hiyo hospitalini, kufikia adhuhuri mkono wa Filister ulikuwa umelegea kama kitambaa kilicholowa. Daktari akamtoa damu, kisha akamdunga maji ya sukari mshipani. Vidole vikajikunja. Akafungua macho, akaomba uji.

Daktari alirudi na majibu ya damu na ya picha ya tumbo akitabasamu. "Si pepo, mama. Kwenye kongosho kuna kiuvimbe kidogo kama kunde, ndicho kinachomaliza sukari mwilini. Tutakitoa, atalima tena."

"Na zile Ijumaa zetu?"

"Zilikuwa zinamuua."

Mama mkwe akafungua kikapu, akatoa kiazi kitamu alichojifichia, maana yeye kufunga kulimshinda zamani. Akampa Filister chote.

"Kula, nyara, binti yangu," akasema kwa kuchanganya Kijaluo, analia huku anacheka. "Ila usimwambie pasta."