Jicho la Mtakatifu Nikola

Asubuhi ile Mtakatifu Nikola aliyechorwa kanisani hakuwa na jicho la kushoto. Lilikuwa limekwanguliwa ukutani, likabaki tundu jeupe la chokaa. Wanakijiji hawakuhangaika kutafuta. Walikwenda moja kwa moja kwa Rustem.

Kanisa lile la milima ya Rodopi lilikuwa viraka vitupu. Msingi ni wa wafalme wa kale. Kuta zilizamishwa nusu ardhini enzi za Waturuki, kanisa lisije likaupita msikiti kwa urefu. Mnara aliujenga babu yake Rustem, Mwislamu, na sasa mjukuu alikuwa juu ya ngazi akijenga upya kuba lililoangushwa na tetemeko. Hakutaka kingine duniani ila kulifunga kabla ya theluji.

"Shuka, wewe!" alifoka Trendafil, mzee wa kanisa. "Watakatifu wetu wa zamani wote walitobolewa macho na watu wako. Leo na wewe umeanza! Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Rustem alishuka, mwiko mkononi. "Trendafil, ndugu yangu, tumekua pamoja. Niache nimalize, kisha mnitupe mtoni mkipenda. Likibaki wazi, picha zote zitaoza." Akasita. "Na binti yako je, macho yake?"

"Yana nafuu, tena bila dua zako!"

"Kajenge kwenu, fundi!" mtu akadakia, na watu wakacheka.

Wakamvunjia ngazi. Jiwe la kwanza lilimpata begani, la pili hakulisubiri. Padri, aliyekuwa akila naye mkate kila siku, alitazama pembeni. Inauma hata kusimulia. Jioni theluji ilianza kuingia kanisani, ikiyeyuka kwenye nyuso za mitume na kushuka na rangi zao.

Trendafil alifika nyumbani bado anahema kwa hasira. Mama yake alikuwa amempakata mjukuu, akikoroga unga mweupe wa chokaa katika bakuli la maji ya baraka.

"Tulia, kipenzi cha bibi," alisema, akimdondoshea machoni. "Ndivyo mama zetu walivyotuponya sote. La kushoto limekwisha. Kesho nitakukwangulia la kulia."

Trendafil akafunga mlango, akapiga magoti, akamshika mwanawe kichwa asitikisike.