Paka Havai Kipuli

Tangu kila mtu mjini avishwe kipuli cha staha, maneno makali hayakumfikia mtu tena. Yalitoka mdomoni jinsi yalivyo, kipuli kikayalainisha sikioni mwa msikilizaji, naye akapata upole mtupu. Hata sokoni ugomvi uliisha. Tausi alikuwa na miaka sita ya ndoa na hajawahi kumsikia mumewe, Shomari, akimgombeza.

Aliyemtia shaka ni paka, kwa sababu paka havai kipuli.

Mchana huo Tausi aliyaacha maharage yaungue kwa makusudi, akampakulia mumewe, akaketi kumtazama. Shomari alionja. Mshipa wa shingo ukamsimama.

"Ahsante, mke wangu," Tausi akasikia. "Mungu akubariki mikono."

Paka aliyekuwa amelala mlangoni akakurupuka, akajibanza chini ya kabati.

Tausi akakichomoa kipuli chake, akakishika kiganjani. Papo hapo akamsikia jirani yao Bi Rukia, yule mpole, akimporomoshea mtu matusi ya nguoni.

"Hebu rudia ulichosema, mume wangu."

Shomari akamtazama usoni, kisha akakiona kipuli kiganjani mwake. Akatabasamu.

"Nimesema chakula kitamu."

Hiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya kwanza kabisa kumfikia Tausi bila kulainishwa, na ilikuwa ya upole. Tausi aliinama, akachungulia chini ya kabati, akasubiri.

Paka hakutoka.