Mume Aliyefundishwa Upya

Siku hizi kila mtu mzima aliyeumia kichwa hupewa mnong'onezi, kidude cha sikioni kinachomfundisha upya maisha yake mwenyewe, si ya mwingine. Maelezo hutolewa na mwenzi wake wa ndoa.

Mwanamvua alipoulizwa habari za mumewe, Shekue, alieleza yote kwa ukweli: useremala wake, chai yake ya tangawizi, hasira zake za karibu. Kisha akachomekea kidogo tu, kwamba Shekue alikuwa hodari wa kukuna nazi na kuosha vyombo.

Sasa Shekue huyo hapo jikoni, amekalia mbuzi, anakuna nazi huku anaimba. Majirani wanapita dirishani wakimwonea wivu mkewe.

"Kumbe mimi mtu wa jikoni tangu zamani!"

"Tangu wiki ya harusi," alijibu Mwanamvua, akibana kicheko.

"Na kila asubuhi kidude hiki kinaniambia jinsi ninavyokupenda, mke wangu. Nami naona kweli kabisa."

Mwanamvua akageukia sufuria, akijaribu kukumbuka kama na hilo alilichomekea yeye.