Pamba Anaishi Jikoni Kwetu

Siku hizi sheria inataka kila sungura wa maabara alelewe nyumbani na yule aliyempaka kemikali, mpaka afe. Eti tujifunze huruma. Ndiyo maana Pamba anaishi jikoni kwetu, mgongo wake umenyolewa na kubabuka. Binti yangu mdogo, Tumsifu, akimwita, huja mbio. Lakini Pamba akisikia ndara zangu mlangoni, hujibanza nyuma ya mtungi wa gesi.

“Baba, ulimfanya nini?” Tumsifu aliniuliza jana.

“Nilimjaribia sabuni, mwanangu. Ili isije ikakuwasha wewe.”

Aliinama akampapasa Pamba masikio.

Leo asubuhi nimemwogesha Tumsifu kama kawaida. Nilipochota mafuta nimpake mgongoni, alikunja mabega, akafumba macho, akatulia tuli, vilevile Pamba alivyokuwa akitulia mezani kwangu maabarani.