Boga Lisilo na Mlango

Kwenye mgunga mmoja aliishi ndege Mnana, fundi wa kusuka kuliko wenzake wote. Masika ilipokaribia, wenzake walisuka viota. Yeye alichana makuti akasuka boga kubwa la kuning'inia, lenye mifuo na kikonyo, utadhani limetoka shambani.

"Hii ndiyo sanaa," alisema Kasuku, aliyependa kusifu. "Viota tumeviona mno."

Kwa desturi ya ndege hao, jike hukagua kazi kabla ya kukubali posa. Akiikataa, dume huifumua na kuanza upya. Jike mmoja, Mwanasha, alipokuja, alilizunguka boga mara mbili, akalivuta kwa mdomo. Lilikuwa imara.

"Mlango uko wapi, kaka?"

"Boga gani lina mlango, dada? Utaharibu umbo."

"Kwa hiyo mayai nitayatagia kwenye sifa za Kasuku?" Kisha akalegeza sauti, kwa kuwa Mnana alimpendeza. "Toboa tundu moja tu, nihamie leo."

Mnana alimtazama Kasuku. Kasuku akatikisa kichwa.

"Siwezi," alisema Mnana.

Mwanasha akahamia kwa jirani, kwenye kiota kilichopinda kama soksi kuukuu.

Alasiri mvua ikashuka. Mnana alilizunguka boga lake akilipapasa, kisha akatua juu ya kikonyo, maji yakimchuruzika mdomoni.

"Bado linapendeza, fundi," alisema Kasuku kutoka ndani ya tundu lake mtini.

Mnana alitetemeka, lakini akajivuna. Alijua fika kwamba ndani ya boga halikuingia hata tone moja.