Filimbi ya Pili

Ngailo hakuja kutazama mpira. Alisimama kwenye baridi kali ya kipupwe, nyuma ya kamba ya uwanja, mkono mmoja mfukoni umeshika filimbi, macho yote kwa mwamuzi Mtweve. Huyo ndiye aliyelikataa bao lake kwenye fainali ya kombe hilihili, na tangu siku ile hakuna timu iliyomtaka tena.

"Leo watamrarua," alijisemea.

Alingoja hadi dakika za lala salama. Timu zikiwa sare, mshambuliaji wa wenyeji akachomoka, akabaki yeye na kipa. Ngailo akapuliza kwa nguvu zote.

Mshambuliaji akadhani ameotea, akasimama. Kipa akaudaka mpira kiulaini. Mashabiki wakachachamaa.

"Refa mwizi! Mtoeni!" Chupa zikaanza kurushwa.

Ngailo alitaka kucheka. Lakini mshambuliaji alikuwa amepiga magoti matopeni, akilia, "Kwa nini, refa? Nimekukosea nini?" Maneno yaleyale aliyoyasema Ngailo siku ile ya fainali.

Filimbi ya Mtweve ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Alikuwa anatazama nyuma ya kamba, kwenye filimbi nyingine iliyokuwa ikifuka mvuke mdomoni mwa mtu.