Chupa Iliyonenepa

Chupa ilikuwa imenenepa tena. Gramu mbili.

Mtunza stoo wa maabara aliiondoa kwenye mizani, akairudisha. Jibu lile lile. Makubwa! Vitu vya stoo hupungua, na vikipungua unajua kuna mkono wa mtu. Lakini kuongezeka?

Akafungua kifuniko, akachota unga kwa kijiko, akausogeza dirishani kwenye mwanga. Kloridi ya seriamu: nyeupe, ghali, ya kuagizwa kutoka mbali. Mwanzoni ilimiminika kama chumvi kavu. Sasa ilikuwa imeshikana mabonge. Akaurudisha, akafunga, akaandika uzito kwenye daftari.

"Anaiba, halafu anajazia takataka," alijiambia. "Anadhani mimi mtoto."

Wenye ufunguo wa kabati la chupa hiyo walikuwa wawili tu: yeye, na fundi wa maabara, mume wa mdogo wake. Kazi yenyewe mtunza stoo ndiye aliyemtafutia, kwa mdomo wake mwenyewe. Ndiyo maana roho ilimuuma. Mdogo wake alikuwa na mimba ya miezi minane, na nyumba nzima ilimtegemea bwana huyo.

Na bwana huyo alikuwa na vituko. Haifungui chupa mezani kama watu. Lazima aiingize kwenye sanduku lake la kioo, apulize gesi kavu, avae miwani, apenyeze mikono kwenye glavu ndefu za sanduku. Mbwembwe zote hizo za nini, kama mkono wako ni safi?

Siku ya tano mtunza stoo alikwenda kwa mkuu wa maabara na daftari lake. Fundi akaitwa.

"Shemeji, mimi nikuibie wewe?" fundi alisema. "Unga huu hunywa maji ya hewani. Kuna mtu anaufungulia nje ya sanduku."

"Si ndiyo ninayosema? Kuna mtu."

Mkuu alifunua daftari ukurasa kwa ukurasa. Tarehe zote zilikuwepo, na mwandiko ulinyooka.

"Wenye ufunguo ni wawili," alimwambia fundi, "na mwenzako kazi yake ni kupima chupa tu. Umeiba au umezembea, mimi sijui. Unga umeharibika. Weka ufunguo mezani."

Jioni mdogo mtu alipiga simu. Alilia tu, akakata. Mtunza stoo naye alilia, tena sana, lakini angefanyaje? Wizi ni wizi, hata uwe wa shemeji.

Wiki iliyofuata ililetwa chupa mpya, na safari hii hakutaka mchezo. Kila asubuhi aliifungua, akaukoroga unga kwa kijiko, akautazama vizuri dirishani, akafunga, akapima.

Alhamisi mizani ilionyesha gramu mbili zaidi, na funguo zote mbili zilikuwa shingoni mwake.